Waliokimbia Wakiwa Watoto: Wayahudi wa Kenya na Nyanya Yangu wa Gisenyi

Utangulizi

Mimi ni mzaliwa wa Gisenyi, mji ulio kando ya Ziwa Kivu, katika Wilaya ya Rubavu. Kwetu mpaka si mstari wa kwenye ramani tu. Ukitoka sokoni ukatembea kidogo unafika kwenye kizuizi, na ng'ambo yake ni Goma. Akina mama wanavuka asubuhi na mboga kichwani, jioni wanarudi. Lakini kila kizazi cha mji huu kina watu waliovuka mpaka huo wakikimbia, na wengine kati yao hawakurudi.

Mwaka jana mhadhiri wetu wa fasihi alituonyesha filamu ya Kijerumani iitwayo Nirgendwo in Afrika. Iliongozwa na Caroline Link mwaka 2001, na mwaka 2003 ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Inasimulia habari za familia ya Wayahudi waliokimbia utawala wa Wanazi wakaja Kenya. Darasa zima lilicheka kwa furaha liliposikia mpishi Owuor, aliyeigizwa na Mkenya Sidede Onyulo, akizungumza Kiswahili na mtoto wa Kizungu, na mtoto akamjibu bila kujikwaa. Mimi sikucheka. Nilimkumbuka nyanya yangu, ambaye naye alijifunza Kiswahili katika utoto, na kwa sababu hiyo hiyo: alikuwa amekimbia.

Katika insha hii nitasimulia habari za watoto hawa wawili pamoja. Hoja yangu ni kwamba mtoto mkimbizi hujenga maisha mapya kabla ya wazazi wake, na hujenga kwa lugha kuliko kwa mali. Kwa sababu hiyo, siku ya kurudi inapofika, yeye ndiye anayepoteza zaidi. Sisemi kwamba mateso yao yalilingana. Kila mauaji yana historia yake, na mwanahistoria hana mizani ya kupima machozi. Ninachotaka kuangalia ni jinsi mtoto anavyoishi baada ya kuokoka.

Kutoka Leobschütz hadi Rongai

Filamu hiyo imetokana na riwaya ya Stefanie Zweig iliyochapishwa mwaka 1995. Katika riwaya familia inaitwa Redlich na mtoto anaitwa Regina, lakini mwandishi alikuwa akisimulia maisha yake mwenyewe. Nimejitahidi kutenganisha mambo ya Regina na mambo ya Stefanie, kwa sababu riwaya, hata iwe ya kweli kiasi gani, si hati ya kumbukumbu.

Stefanie alizaliwa mwaka 1932 katika Ujerumani ya wakati huo. Baba yake, Walter Zweig, alikuwa mwanasheria katika mji mdogo wa Leobschütz. Mwaka uliofuata Hitler alishika madaraka, na mwezi Aprili 1933 ikatoka sheria ya kuwaondoa Wayahudi katika utumishi wa serikali. Mwaka 1935 sheria za Nuremberg ziliwanyang'anya uraia. Mwanasheria asiyeruhusiwa kufanya kazi ya sheria, katika nchi isiyomhesabu kuwa raia, alikuwa na njia moja tu, nayo ni kuondoka.

Kuondoka kwenda wapi? Mwezi Julai 1938 wajumbe wa nchi 32 walikutana Evian, Ufaransa, kujadili suala la wakimbizi Wayahudi. Karibu kila mjumbe alieleza huruma, na karibu kila mmoja akasema nchi yake haina nafasi. Inashangaza kukumbuka kwamba miaka 35 kabla ya hapo, mwaka 1903, serikali ya Uingereza iliwahi kuwaahidi Wayahudi ardhi huku kwetu Afrika Mashariki, katika nyanda za Uasin Gishu. Haikuwauliza wenyeji wa ardhi hiyo, na viongozi wa Kizayuni waliikataa ahadi hiyo mwaka 1905. Sasa watu walihitaji mahali pa kulala tu, na milango ilikuwa imefungwa.

Kenya iliruhusu wachache. Walter alitangulia mwanzoni mwa mwaka 1938 akapata kazi ya kusimamia shamba Rongai, karibu na Nakuru. Mwezi Juni mwaka huo mke wake na Stefanie walimfuata. Mtoto alikuwa na umri wa miaka mitano. Miezi michache baadaye, usiku wa tarehe 9 Novemba 1938, masinagogi yalichomwa moto Ujerumani kote. Waliokoka kwa miezi mitano tu.

Nyanya yangu alikuwa na umri wa miaka minane hivi alipovuka. Ghasia dhidi ya Watutsi zilianza Novemba 1959, nyumba zikachomwa, na watu wakaanza kukimbilia Uganda, Burundi, Tanganyika na Kongo. Familia yake ilistahimili mpaka mwaka 1961. Waliteremka usiku kutoka milima iliyo juu ya Gisenyi, wakapita Goma, wakaendelea hadi Masisi. Huko walikuwapo watu wengi waliosema Kinyarwanda, wengine wakiwa wamehamishiwa huko na Wabelgiji tangu mwaka 1937 kwenda kufanya kazi mashambani. Nyanya anakumbuka vitu viwili tu vya safari ile: baridi, na mkono wa mama yake uliomziba mdomo mtoto mchanga asilie.

Mzazi na mtoto hawakimbilii nchi moja

Walipofika, mzazi na mtoto waliishi chini ya paa moja lakini hawakuishi katika nchi moja. Hili ndilo jambo lililonigusa zaidi nilipoyaweka maisha haya mawili kando kwa kando.

Katika riwaya ya Zweig, Walter anamwandikia mkewe aje na sanduku la barafu la kuhifadhia chakula. Mke anatumia fedha hizo kununua gauni la jioni. Ni rahisi kumcheka. Lakini gauni lile lilikuwa na maana: mwanamke huyu hakuja kukaa. Alikuwa anasubiri siku ambayo kutakuwa tena na sherehe, na watu wake, na mji wake.

Baba wa nyanya yangu alikuwa na gauni lake pia, ingawa lilikuwa la namna nyingine. Kwa miaka mingi Masisi alipanda maharagwe tu. Majirani walipomshauri apande kahawa au migomba alikataa. Kahawa huchukua miaka kabla ya kuzaa, na yeye alikuwa anarudi msimu ujao. Kila msimu alikuwa anarudi msimu ujao. Nyanya anasema alijua baba yake amekata tamaa siku alipomwona akichimba shimo la mgomba. Miaka kumi na miwili ilikuwa imepita.

Watoto hawakungoja. Regina wa riwaya anajifunza Kiswahili kwa Owuor jikoni na uani, akicheza na watoto wa wafanyakazi, wakati mama yake bado analia juu ya masanduku. Nyanya yangu alijifunza Kiswahili sokoni na kwenye zahanati ya misheni, kwa kuwa Kinyarwanda cha nyumbani hakikufika kwa wauzaji na wauguzi waliotoka mbali. Ndani ya mwaka mmoja alikuwa mkalimani wa familia.

Kuwa mkalimani ukiwa mtoto si jambo dogo. Akiwa na umri wa miaka kumi, nyanya alisimama katika zahanati kati ya mama yake na muuguzi. Muuguzi alisema kwa Kiswahili kwamba mimba imeharibika. Ilimbidi nyanya aitafute sentensi hiyo kwa Kinyarwanda na kumwambia mama yake. Aliniambia, "Siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa mzazi." Tunaposoma kwamba watoto wakimbizi hujifunza lugha haraka, tukumbuke bei wanayolipa.

Waliowapokea

Tunapofundishwa historia ya wakimbizi, tunasoma habari za waliofukuza na waliofukuzwa. Waliopokea hupita kama kivuli. Kwa hiyo naomba msomaji asimame hapa kidogo.

Wayahudi waliofika Kenya walikuta jumuiya ndogo ya Wayahudi waliotangulia. Mmoja wao, Abraham Block, alitoka Lithuania akapitia Afrika Kusini, akafika mwaka 1903 bila mali ya maana. Mwaka 1927 alinunua hoteli ya Norfolk, Nairobi. Vita vilipoanza Septemba 1939, serikali ya kikoloni iliwakamata Wajerumani wote kama maadui, hata Wayahudi waliomkimbia Hitler. Wanaume walipelekwa kambini, wanawake na watoto wakawekwa hotelini, na katika masimulizi ya Zweig Norfolk inatajwa. Hebu tufikirie: Wayahudi wamefungwa kwa kosa la kuwa Wajerumani, katika hoteli ya Myahudi aliyekimbilia Afrika kabla yao. Baadaye waliachiliwa, na mwaka 1944 Walter akajiunga na jeshi la Uingereza.

Lakini waliompokea Stefanie siku kwa siku hawakuwa matajiri wa Nairobi. Walikuwa wafanyakazi wa mashamba ya Rongai na Ol' Joro Orok, katika eneo ambalo wakoloni walilitenga kwa ajili ya Wazungu. Mwafrika mwanamume aliyefanya kazi hapo alitakiwa kubeba kipande, kwa sheria iliyotungwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Hakuweza kuhama mwajiri bila kuandikwa. Mkimbizi Myahudi alikuwa maskini na amenyang'anywa nchi yake, lakini rangi ya ngozi yake ilimpa cheo cha bwana juu ya watu walionyang'anywa ardhi yao. Owuor alimfundisha mtoto wa mkimbizi maneno ya kuishi nayo, naye mwenyewe hakuwa huru katika nchi yake.

Kiswahili chenyewe kina historia yake katika jambo hili. Wajerumani walipotawala Rwanda, askari wao walikuja na Kiswahili, nacho kikaota mizizi katika miji kama Gisenyi. Huko Berlin kilifundishwa tangu mwaka 1887 ili kuwaandaa maofisa wa makoloni. Stefanie hakukipata kama ofisa. Alikipata kama mtoto asiye na kwao, kutoka kwa mpishi. Lugha iliyokuja kwetu na amri ya Wajerumani ilimpokea mtoto wa Kijerumani aliyefukuzwa na Wajerumani.

Waliobaki

Kwa muda mrefu nyanya alikataa nisiandike habari zake. Aliniambia, "Aliyekimbia akaishi hana hadithi. Kawaulize waliobaki." Sikumwelewa mpaka nilipojua kwamba waliobaki hawapo wa kuulizwa.

Walter Zweig na mkewe waliwaacha Ujerumani wazazi na ndugu. Waliwaandikia barua, barua zikawa fupi, kisha zikakatika. Jamaa zao waliobaki waliuawa pamoja na Wayahudi wapatao milioni sita wa Ulaya. Ndani ya nyumba ile ya Kenya, kuokoka hakukuwa furaha tupu. Kila mlo ulikuwa na watu wasiokuwepo mezani.

Dada wawili wa baba wa nyanya yangu hawakuvuka mwaka 1961. Walikuwa wameolewa, wakaona mambo yatatulia. Waliishi Gisenyi na watoto wao mpaka Aprili 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipowakuta. Hakuna aliyesalia katika nyumba zile mbili. Wengi waliouawa mjini kwetu walipelekwa kwenye makaburi yaliyoitwa Commune Rouge, ambako leo kuna kumbukumbu yao.

Mahali hapo ndipo alipouawa Félicité Niyitegeka, mwanamke Mhutu aliyezaliwa mwaka 1934 na kuongoza kituo cha Saint-Pierre mjini Gisenyi. Aliwaficha Watutsi, na usiku akawasaidia wengine kuvuka mpaka kwenda Goma. Kaka yake, aliyekuwa afisa wa jeshi, alimwandikia aondoke ajiokoe. Alimjibu kwamba hatawaacha watu aliokuwa nao. Tarehe 21 Aprili 1994 alipelekwa pamoja nao, na hakurudi. Leo ni miongoni mwa mashujaa wa taifa wa daraja la Imena. Mpaka ule ule niliouona utotoni kama mahali pa kununua vitenge na biskuti, kwa wale aliowavusha ulikuwa tofauti kati ya kufa na kuishi.

Nilipomsomea nyanya habari hizi, alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Shangazi zangu hawakumpata mtu wa kuwavusha." Tangu siku hiyo aliniruhusu kuandika.

Kurudi

Mwaka 1947 familia ya Zweig ilirudi Ujerumani. Lakini haikurudi ilikotoka. Baada ya vita mipaka ilisogezwa, na Leobschütz ukawa mji wa Poland wenye jina jipya, Głubczyce. Walter alipata kazi ya uhakimu Frankfurt, mji uliokuwa umebomolewa na mabomu, wenye njaa na wenye watu ambao miaka miwili iliyopita walikuwa chini ya Hitler. Kwa baba, huku kulikuwa kurudi kwenye lugha yake na sheria yake. Kwa Stefanie, mwenye umri wa miaka 14, aliyesoma katika shule ya bweni ya Kiingereza na kucheza kwa Kiswahili, kulikuwa kukimbia kwa mara ya pili. Mwaka 1996 aliandika riwaya nyingine kuhusu miaka hiyo. Alijifunza upya lugha ya kuzaliwa kwake, akawa mwandishi wa habari wa Frankfurt, na akaishi huko mpaka alipofariki mwaka 2014.

Nyanya yangu alirudi mwishoni mwa mwaka 1994. Miezi michache kabla ya hapo, Julai, mamia ya maelfu ya watu walikuwa wamevuka kwa siku chache kutoka Gisenyi kwenda Goma, wauaji na watu wa kawaida wamechanganyika, na kipindupindu kikawaua wengi. Yeye alivuka kinyume chao. Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 40, na watoto watano, akirudi kwenye nchi aliyoijua kwa kusimuliwa na baba aliyekuwa amekwisha kufa.

Kwenye kilima chao alikuta nyumba ya watu wengine na shamba la watu wengine. Makubaliano ya Arusha ya mwaka 1993 yalikuwa yamependekeza kwamba aliyekimbia zaidi ya miaka kumi iliyopita asidai mali ambayo sasa ina mtu mwingine. Wakati ule wa uchungu, pendekezo hilo lilikuwa na busara yake, kwa kuwa bila hilo kila kilima kingezaa ugomvi mpya. Lakini msomaji ajaribu kusimama mbele ya rugo la baba yake, asalimiane kwa heshima na wenye nyumba, kisha aendelee na safari. Wengi waliorudi kutoka Kongo walikaa na ng'ombe wao katika msitu wa Gishwati, na nyanya alikuwa miongoni mwao kabla ya kupata kiwanja mjini.

Hata mjini alikuwa mgeni. Waliorudi walipewa majina kulingana na walikotoka: wa Uganda waliitwa Abasajya, wa Burundi Abajepe, wa Kongo Abadubai. Kinyarwanda chake kilikuwa na lafudhi ya Masisi, na akikasirika alitoa Kiswahili. Mimi mwenyewe, nikiwa shule ya msingi, nilimwomba asinisalimie kwa Kiswahili mbele ya wenzangu. Jambo hilo linaniumiza mpaka leo. Mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda, na sasa mjukuu wake anakisomea chuo kikuu. Ninapokosea ngeli, yeye ndiye anayenisahihisha.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kwa mtoto mkimbizi, ukimbizi hauishi siku ya kurudi. Mzazi anaondoka na nchi moja moyoni na kuisubiri. Mtoto anaipata nchi nyingine kupitia maneno, michezo na watu waliomfundisha, kisha anaambiwa kwamba hiyo haikuwa yake. Stefanie Zweig aliishi Ujerumani zaidi ya miaka sitini baada ya kurudi, na bado alipoandika riwaya iliyomtambulisha duniani, aliandika kuhusu miaka tisa ya Kenya. Nyanya ameishi Gisenyi miaka mingi, na bado anaota kwa lugha ya Masisi. Kwa hiyo sisi tunaoandika historia tusiifunge sura ya wakimbizi kwa sentensi ya "hatimaye walirejea nyumbani". Hapo ndipo sura nyingine inapoanza.

Nilipomaliza kumsimulia nyanya habari za Stefanie na Owuor, aliniuliza swali moja: "Na yule mpishi, waliagana vipi?" Nilimweleza kwamba katika filamu Owuor anaondoka kabla yao, alfajiri, na mbwa wa familia. Akatikisa kichwa. Kisha akanisimulia kuhusu mwanamke wa Masisi aliyewapa chumba usiku wa kwanza, akawapa pia viazi, na hakuuliza watakaa muda gani. Waliporudi mwaka 1994, kwa haraka ya safari, nyanya hakumuaga. Alinitajia jina lake mara mbili na kuhakikisha nimeliandika vizuri kwenye daftari langu.